Alama 48 na Sura Zisizosomwa

Binti wa dada yangu alipokuja kukaa nasi hapa Parklands ili asome shahada yake ya pili, alikuja na masanduku mawili, kopo la achari ya maembe, na imani moja kubwa: kwamba mtu aliyefaulu vizuri shahada ya kwanza hawezi kuanguka katika ya pili. Mwezi wa tano wa masomo yake alirudi nyumbani wakati wa magharibi, akasalimu, akaketi bila ya kuvua buibui, akaniwekea mezani kipande cha karatasi. Juu yake palikuwa na masomo manne na alama zake: 66, 61, 58 na 48.

"Mjomba," akaniambia, "nimeambiwa nimefeli."

"Umefeli wapi, mwanangu? Arobaini na nane si alama ya kufeli."

"Ndivyo nilivyodhani na mimi."

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana kijana aliyeko Nairobi, au wanakusudia kumleta, kwa hivyo si vibaya nikaeleza jambo lenyewe lilivyo. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na katika vyuo vyetu vingi vilivyofuata nyayo zake, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika masomo mengi hufaulu akipata alama 40. Kuanzia 70 kwenda juu huwa ni daraja la kwanza. 60 mpaka 69 ni daraja la pili la juu. 50 mpaka 59 daraja la pili la chini. Na 40 mpaka 49 ni kupita tu, kama mtu aliyevuka kivuko maji yakimfika kiunoni. Lakini siku anapojiandikisha shahada ya pili, kizingiti huinuliwa hadi 50. Ile 48 ambayo mwaka uliotangulia ingalimvusha, sasa yamwangusha. Hakuna aliyemdhulumu. Kanuni ipo, imeandikwa, na kitabu chake kipo. Ila hakuna aliyemwambia akisome, na mimi niliyemtolea karo ya muhula wa kwanza nilihesabu noti, sikuuliza kanuni.

Mizani hii hatukuichonga sisi. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilichofunguliwa hapa Nairobi mwaka 1956 kiligeuzwa mwaka 1961 kuwa Chuo cha Kifalme chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, na vijana wakawa wanasoma Nairobi na kutunukiwa shahada za London. Mwaka 1963 kikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na mwaka 1970 kikasimama peke yake. Majina yalibadilika, mizani ikabaki ile ile ya Kiingereza, ambayo mwenye 70 huhesabiwa bingwa na mwenye 90 huonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo wakati wa mawingu. Dada yangu alipopigiwa simu kuambiwa mwanawe amepata 66 alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtoto ni mgonjwa. Madrasa binti huyu hakuwa akishuka chini ya 95.

Wenye kufuata mtindo wa Marekani, kama Chuo Kikuu cha USIU kule Kasarani kilichoanza Nairobi mwaka 1969, wana mizani nyingine. Wao hukusanya alama za masomo yote wakatoa wastani ambao kilele chake ni 4. Mwanafunzi wa shahada ya pili hutakiwa asishuke chini ya 3, yaani wastani wa B. Akishuka, huwekwa chini ya uangalizi na kupewa muda ajirekebishe. Asipojirekebisha huonyeshwa mlango. Kwa mizani hiyo mtu aweza kupata C katika kila somo, asiwe amefeli hata moja, na bado akaondolewa. Mzazi akiambiwa hivyo bila ya maelezo atadhani mwanawe amefanya utovu wa adabu.

Sina ugomvi na alama 50, wala na wastani wa 3. Mwenye kutaka kuitwa mtaalamu na apimwe kwa pishi kubwa. Binti alirudia mtihani, akapasi, na kwa kuwa vyuo vingi humwandikia mwenye kurudia alama ya kupitia tu hata akipata zaidi, 48 yake ikawa 50 na mambo yakaisha. Nikadhani tumevuka.

Hapo ndipo nilipokosea. Alama ilikuwa kizingiti kidogo.

Mwaka wa pili mwanafunzi huacha darasa na kuingia katika tasnifu. Huandika pendekezo la utafiti, akalitetea mbele ya idara, akapewa msimamizi mmoja au wawili, kisha hufanya utafiti wake na kuandika sura moja baada ya nyingine, na kila sura humpelekea msimamizi aisome na kuirekebisha. Kazi ikimalizika hutoa ilani, tasnifu ikapelekwa kwa watahini, wa ndani na wa nje, naye akaitwa kuitetea kwa mdomo. Hukumu katika hatua hiyo aghalabu si ya tarakimu. Ni kwamba imepita, au imepita kwa masahihisho, au ikaandikwe upya, au imekataliwa. Katika safari yote hiyo hadhi ya mwanafunzi chuoni hushikiliwa na kamba mbili: ada yake, na tarehe. Ana miaka kadha wa kadha ya kumaliza. Ikipita, jina lake latolewa katika orodha mpaka aombe upya.

Mpwa wangu alichagua kuandika juu ya vugo, ngoma ya wanawake wetu harusini, ile ipigwayo kwa pembe. Alikwenda Mji wa Kale wa Mombasa, akenda Lamu, akakaa na wanawake wazima wanne waliokuwa wakiziimba nyimbo hizo tangu usichana wao, akawarekodi kwa simu yake saa baada ya saa. Mmoja alimwimbia wimbo ambao mabinti zake mwenyewe hawakuwahi kuusikia. Alirudi Parklands akiwa na daftari tatu, na kwa miezi mitatu taa ya chumba chake haikuzimwa kabla ya saa saba za usiku. Akatoa sura tatu. Nilizisoma, ingawa mimi si mwanachuoni, nikaona mambo niliyoyaishi utotoni bila ya kuyajua.

Sura hizo alizipeleka kwa msimamizi wake mwezi wa Shaabani. Ramadhani ikaingia ikatoka. Ukapita mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, mwaka ukageuka, Maulidi yakasomwa, Rajabu ikaja ikapita, na Shaabani nyingine ikatufika. Majibu hapana. Alipopiga simu aliambiwa "nipe wiki mbili". Alipokwenda ofisini alikuta mlango umefungwa na wenziwe watano wamekaa sakafuni, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Kisha ikaja barua. Haikutoka kwa msimamizi, ilitoka kwa ofisi ya masomo, ikimwarifu kwamba muda wake wa usajili umekwisha, kwamba alipe ada ya mwaka mwingine, na kwamba aeleze kwa maandishi sababu ya kuchelewa kwake.

Aeleze yeye!

Chuo hicho sitakitaja. Kipo katika mji huu, na naamini atakayesoma haya atadhani nasema cha kwake. Wala sisemi kwamba yule msimamizi ni mtu mbaya. Nilimwendea mwenyewe asubuhi moja, nikamkuta kwenye ujia anakimbilia darasa. Ni mtu mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinihesabia wanafunzi wake kwa vidole, vidole vikamwishia mara mbili, na jioni alikuwa na vipindi katika matawi mengine mawili ya mjini. Alinitaka radhi. Nikamsamehe pale pale, kwani hasira zangu hazikuwa juu yake.

Hali hii ina chanzo chake. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuwachukua wanafunzi wa kujilipia, mpango ulioitwa Moduli ya Pili, na vyuo vingine vikaiga. Ulikuwa mlango wa kheri kwa watu wengi, walimu wa shule na makarani waliokuwa wakitamani kusoma jioni baada ya kazi. Katikati ya jiji magorofa yaliyokuwa ya maduka na mawakili yakageuka kuwa matawi ya vyuo. Ukishuka kwenye matatu ya kutoka Westlands ungeweza kuhesabu vibao vya vyuo vikuu kama unavyohesabu vibao vya madaktari wa meno. Wanafunzi wakaongezeka, karo ikaingia. Wasimamizi hawakuongezeka kwa kipimo hicho, kwa kuwa jengo hukodiwa kwa mwezi mmoja, bali mwenye udaktari wa falsafa hupikwa miaka.

Serikali iliona. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na yenye ofisi zake Gigiri, upande wetu huu huu wa jiji, ilitoa viwango vyake mwaka 2014. Viwango hivyo viliweka kwamba msimamizi mmoja asishike zaidi ya wanafunzi watatu wa udaktari na watano wa uzamili, na kwamba mwenye kutaka udaktari awe amechapisha makala mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu. Maneno mazuri. Kisha Juni 2019 Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kikatoa shahada za udaktari 118 katika mahafali moja, na nchi nzima ikazizima. Magazeti yaliandika, redio zikasema, Tume ikafanya uchunguzi juu ya wasimamizi na tasnifu zao. Sitii neno langu katika shauri hilo. Naamini wamo katika wale 118 waliotoka jasho la haki na wakatiwa aibu bure. Ninalolitazama ni jambo jingine. Wanafunzi walipodhaniwa kumaliza upesi mno, zogo lilifika mpaka vijijini. Na je, ni lini mlisikia zogo juu ya wale waliokawia mno? Ni nani aliyefanya uchunguzi kwa sababu idara fulani iliwaingiza watu arobaini na kuwatoa watatu? Hao huondoka mmoja mmoja, kimya kimya, na kila mmoja hudhani kosa ni lake.

Sisi watu wa pwani hatukuja kwenye elimu ya juu tukiwa wageni wa mambo ya ijaza. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya sheikh wake katika msikiti wa Riyadha kule Lamu hakuandikiwa alama. Alisoma kitabu mbele ya mwalimu, ukurasa kwa ukurasa, mwalimu akisikiliza na kumkatiza, mpaka kilipokhitimu. Ndipo akaruhusiwa kukifundisha, na jina la mwalimu likabaki limeshikana na jina lake. Nisije nikazipamba mno siku hizo. Walikuwapo masheikh waliowaweka wanafunzi miaka wakiteka maji na kuchanja kuni kabla ya kufunguliwa sura ya kwanza, na mwanamke aliyetaka kufika mbali katika mfumo ule alikuwa na njia nyembamba sana. Lakini kitabu kikishafunguliwa, mwalimu alisikiliza. Hakuna ijaza iliyopatikana kwa mwalimu ambaye hakusikia. Na tasnifu ya uzamili, ukiivua joho na kofia, ni jambo hilo hilo: mtu mmoja asiyejua sana anamsomea mtu mmoja anayejua zaidi.

Nikizungumza haya barazani, daima hutokea mzee mmoja akanitajia Profesa Ali Mazrui, ili kuthibitisha kwamba alama si kitu. Kisa chake twakijua sote. Mtoto wa Mombasa, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh al-Amin, alipata daraja la tatu katika cheti cha Cambridge mwaka 1949, na Makerere, ambayo ndiyo iliyokuwa chuo cha juu cha Afrika Mashariki nzima, ikamkataa. Akafanya kazi katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, hiyo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Baadaye akapata kwenda Uingereza: akaanzia Huddersfield kumalizia masomo ya sekondari, akachukua shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia kule New York mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile iliyomkataa ilikwisha mfanya profesa mwaka 1965, kabla Oxford haijampa udaktari wake.

Mzee wangu wa barazani huishia hapo na kucheka. Mimi nakisoma kisa hicho kwa namna nyingine. Kijana yule aliyeandikiwa daraja la tatu alihutubia siku ya Maulidi pale kwenye taasisi, na miongoni mwa waliokuwa wamekaa alikuwamo Gavana wa Kenya, Philip Mitchell. Gavana alisikia, akaona kwamba huyu yafaa asomeshwe. Cheti kilikuwa kimesema neno lake la mwisho, kisha akatokea mtu akatega sikio. Lau siku ile Gavana angekuwa na wahutubu wengine ishirini wa kuwasikiliza na gari linamngoja nje, sijui Columbia ingempata wapi. Alama 48 ya mpwa wangu haikumzuia, na daraja la tatu la Mazrui halikumzuia. Kinachomzuia binti huyu ni kwamba sura zake hazijasomwa na mtu mwenye mamlaka ya kuzisoma.

Kwa hiyo nasema kanuni za vyuo vyetu zimefungwa upande mmoja. Mwanafunzi ana saa inayomhesabia, mwalimu hana. Akichelewa mwanafunzi, hutozwa. Akichelewa msimamizi, hutozwa mwanafunzi vile vile. Wahadhiri watanijibu kwamba wao nao wamechelewa kulipwa, nami nakubali. Migomo ya mwaka 2017, na 2018, na tena 2024, haikuzuka kwa mchezo. Mtu hawezi kusoma sura za watu ishirini kwa mshahara wa ahadi. Basi na saa ya mwanafunzi isimame siku hizo. Kama milango ya chuo imefungwa miezi miwili, miezi hiyo isihesabiwe katika umri wa usajili wake, wala asiilipie. Kadhalika sura ikishapokelewa na kutiwa tarehe, msimamizi apewe siku zake, tuseme 30 au hata 60, na zikipita bila ya neno, mkuu wa idara aitoe kazi ile ampe mwingine, na muda uliopotea urudishwe kwa mwanafunzi. Jambo hilo halihitaji jengo jipya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Lahitaji daftari la kupokelea na mtu wa kulitazama.

Na kila mwaka vyuo vichapishe, idara kwa idara, wangapi waliingia uzamili, wangapi walitoka, na walichukua miaka mingapi. Mzazi wa Siyu au wa Vanga anayeuza kiwanja ili mwanawe asome ana haki ya kuijua hesabu hiyo kabla hajauza. Sasa hivi aonyeshwa picha za wahitimu tu.

Watu wengine wataniambia kwamba haya ni mambo ya wasomi, hayana nafasi katika ukurasa wa utamaduni. Mimi naona hapa ndipo mahali pake. Mengi yanayojulikana duniani juu ya watu wa pwani yalihifadhiwa kwa kazi za namna hii. Muyaka wa Mombasa alitolewa kitabu mwaka 1979 na Profesa Mohamed Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kila tasnifu inayokufa katika kabati la msimamizi hufa pamoja na kitu kilichokuwamo ndani yake, na kitu hicho aghalabu ni chetu.

Dada yangu aliuza bangili zake mbili akalipa ule mwaka wa ziada. Binti akaandika barua aliyotakiwa, ukurasa mmoja na nusu, ambayo ndani yake alitaja kila tarehe aliyopeleka kazi na kila tarehe aliyorudi mikono mitupu. Nilimshauri aipunguze ukali; akakataa, na nilipoisoma mara ya pili nikaona ana haki. Idara imempa msimamizi mwingine, mwanamama ambaye kwanza alimwomba zile rekodi azisikilize. Wamepanga kukutana Jumatatu ijayo saa nne, pale chuoni.

Jana alipiga simu Lamu kuthibitisha maneno mawili katika ule wimbo ambao mabinti hawakuwahi kuusikia. Akapokea mjukuu. Bibi alifariki katika Rajabu.